Chupa ya Mutegi

Mkojo ulidaiwa kila asubuhi kabla jua halijapata makali, na aliyekosa kuuleta hakupewa posho. Wanaume wa bomba walijipanga mbele ya posti ya homgadi, kituo cha walinzi wa kijiji, kila mmoja na chupa yake mkononi, kibao cha namba kikining'inia shingoni mwa chupa. Mezani, chini ya turubai, alikaa mzungu mwembamba ambaye kijiji kizima kilimwita Bwana Chupa. Jina lake la haki hakuna aliyejisumbua kulijua.

Kijiji chenyewe kilikuwa kimojawapo cha vile vya Emajensi, ambamo Serikali iliwakusanya watu kwa nguvu, bondeni chini ya Siakago: vibanda vimebanana, handaki lenye vijiti vilivyochongwa limevizunguka, lango moja, na hedimani Ireri, mkuu wa kijiji, na bunduki yake hapo langoni. Msimu ule nzige walikuwa wameshuka wakala mawele na mtama mpaka mabua. Serikali ikaleta dawa ya kuwaua, dawa ya manjano, ndani ya mapipa. Watu wa kuinyunyiza kwa mabomba hawakutafutwa mbali. Ireri aliwachagua wale waliofungwa kwa kula kiapo cha kumpinga mzungu wakarudi kutoka kizuizini kwa masharti, ambao wangeweza kupandishwa tena lori siku yoyote bila mtu kuuliza.

"Kiapo mlikila wenyewe," aliwaambia, "na nzige mtawaua wenyewe. Anayechoka aseme, kambi haijafungwa."

Mutegi alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwana pekee wa Ednah, mjane wa makamo aliyeokoka tangu usichana, na kurudi kwake kulikuwa kitu pekee ambacho Ednah alikuwa amemwomba Mungu kwa jina kwa muda wote alipokuwa kizuizini. Sasa alikuwa naye, chini ya paa moja, na hakuomba kingine ila abaki.

Ednah mwenyewe hakuna aliyemtilia shaka. Zamani zile za viapo watu walikuja nyumbani kwake, wakamtoa nje, wakamsukumia nyama ya kiapo midomoni. Aliuma meno mpaka moja likavunjika. Walimpiga, wakamwacha. Habari hiyo Mbeere yote iliijua, na hata Ireri, ambaye angempekua mamake mzazi, alimwacha apite langoni kwenda kanisani bila kufunua kikapu chake.

Lakini Mutegi alikuwa amekula viapo viwili. Kambini aliungama kimoja. Cha pili, kile kizito, alichokula kando ya mto Ena pamoja na watu ambao sasa walikuwa wafu, hakumwambia yeyote isipokuwa mama yake, na alimwambia huku akipura maharagwe ili kelele zimfunike. Kingejulikana, angerudishwa, tena si kambi ya karibu.

Kuhusu chupa, Bwana Chupa hakueleza lolote. Aliamini kwamba wakiambiwa dawa inaingia mwilini wangetoroka wote, kwa hiyo alimkataza dresa wake, msaidizi wa tiba aliyeitwa Kinyua, kufungua mdomo. Kinyua alikuwa kijana wa Meru aliyesomea misheni, mpole, mwoga wa wakubwa. Aligawa chupa jioni, akazipokea asubuhi, na alipoulizwa ni za nini alisema, "Amri."

Basi watu wakajijibu. Kiapo ni nyama na damu. Mtu alikila, kikashuka tumboni. Mwaka uliotangulia Serikali yenyewe ilileta waganga wa kutapisha, na wanaume walipiga magoti mbele ya shimo wakilishwa machungu mpaka wakakitapika kiapo, Bwana Dii-Oo, ofisa wa wilaya, akitazama kwa kitambaa puani. Kama kiapo hutapikwa, basi kilichobaki bila kutapikwa kina njia moja nyingine ya kutokea. Hata mtoto angelielewa hilo. Bwana Chupa alikuwa amekuja kuisimamia njia hiyo ya pili.

Tena walijionea kwa macho. Kinyua alimimina mkojo kidogo katika kigilasi, akadondoshea matone ya maji fulani, kisha akakiinua kando ya safu ya vioo vya rangi. Mingine ilibaki ilivyokuwa. Mingine iligeuka manjano ya kiini cha yai. Bwana Chupa alimwelekezea penseli mwenye mkojo wa manjano, na kabla ya jioni mtu huyo alipandishwa lori lililoelekea upande wa Embu. Hakurudi.

"Leo wamekwenda wengine," Lenah, jirani wa Ednah, alimwambia wakiwa mtoni. Lenah alikuwa na mumewe Salesio kwenye bomba, na mtoto wa kike mgongoni. "Mmoja alimwachia mkewe blanketi. Alijua huko aendako hatalihitaji tena."

Ednah alijitwika mtungi wake akashika njia ya nyumbani. Jioni hiyo Kinyua alipoleta chupa, yeye ndiye aliyeipokea mlangoni, na hakumpa mwanawe.

"Nipe, mama," Mutegi alisema. "Kesho wataiuliza."

"Wataipata."

"Ikiwa tupu?"

"Nani atakusimamia ukiijaza?" Ednah aliifuta chupa kwa upindo wa kitenge. "Mimi sikuonja kitu chao. Hata mate yangu niliyatema siku ile. Wakitaka maji safi, nitawapa maji safi."

Mutegi alimtazama mamake, kisha akacheka, kicheko cha kwanza tangu arudi. "Mtu na heshima zake za kanisani. Na pasta je?"

"Pasta hana mtoto kwenye bomba."

Alfajiri Ednah alipiga magoti kwanza. Hakumwomba Mungu amsamehe, kwa kuwa hakuona kosa la kumkinga mtoto kwa usafi ambao Mungu mwenyewe alimpa. Aliijaza chupa, akaifunga, akampa mwanawe ikiwa na vuguvugu bado. Mutegi aliificha chini ya shati akaenda nayo.

Kigilasi hakikugeuka. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Bwana Chupa alianza kumtazama Mutegi zaidi ya wenzake. Alimfunua kope, akambonyeza mkono, akamwambia Kinyua kwa Kiingereza jambo refu lenye furaha. Kisha amri ikatoka: Mutegi aache bomba, aende kwenye mapipa. Yeye ndiye angefungua mifuniko, akoroge dawa na mafuta kwa mti, na kuwamiminia wenzake. Apewe na nyama.

"Huyu mzungu amekupenda," Salesio alimtania kwenye mstari. Salesio alikuwa mtu wa maneno, hata kambini walimpiga mara nyingi kwa sababu ya mdomo. "Sisi tunageuka kama maua ya maboga, wewe uko vilevile. Ulitapika kiapo na matumbo yake?"

"Nilitapika na jina la mamako," Mutegi alijibu, na mstari mzima ukacheka mpaka Ireri akagonga kitako cha bunduki chini.

Ednah alishukuru. Aliimba akitwanga, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu amzike mumewe. Wanawake walianza kumwamkia kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu aliyekaribia kitu kitakatifu. Hawakujua alichofanya, ila waliona nyumba yake haiguswi.

Na Mutegi alikuwa amechangamka. Hilo ndilo lililompumbaza mamake. Kijana aliyerudi akiwa kimya sasa aliongea haraka haraka, aliamka kabla ya wote, alikoroga pipa kama watu wawili na bado jioni akataka kupasua kuni. Alikula sufuria nzima. Alikunywa maji mpaka mtungi ukalia. Viganja vyake vilikuwa vya manjano, na nywele za mbele pia, lakini wanaume wote wa bomba walikuwa hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Ednah aliona vilevile kwamba alfajiri, wenzake wakijikunyata ndani ya blanketi, Mutegi hukaa nje kifua wazi, jasho likimtiririka. Aliona suruali ikifungwa kwa kamba ya katani, halafu kamba ikikazwa, halafu ikikazwa tena. Ednah hakupitwa na kitu cha aina hiyo. Aliyaona yote, ila aliyatafsiri vibaya. Alijiambia ni kambi inayomtoka mwilini.

Kila jioni alimfulia nguo. Shati na suruali vilitoa maji ya manjano karaini, karai la kwanza, la pili, la tatu. Alivisugua kwa mikono mpaka vidole vyake navyo vikashika rangi isiyotoka kwa sabuni wala kwa jivu.

Siku moja mchana Mutegi alirudi nyumbani peke yake. Jua lilikuwa utosini na mbuzi walikuwa wamejibanza kwenye kivuli cha handaki. Aliinua mtungi akanywa akiwa amesimama, maji yakimwagika kifuani.

"Wamenipa ruhusa ninywe," alisema akihema. "Joto la leo si la kawaida. Mama, ulikula nini jana?"

"Kunde. Kwa nini?"

"Asubuhi kigilasi kimegeuka. Si sana. Kidogo tu, kama chai iliyochujwa mara ya pili. Bwana Chupa hakusema neno, aliandika."

Ednah aliketi chini polepole. Maji yale yalikuwa yake. Aliitafuta dhambi yake kama mtu anayetafuta sindano mkekani. Alirudi kimawazo siku ile ya jino. Je, mchuzi wa ile nyama ulipita? Alikuwa amemeza damu yake mwenyewe siku hiyo, na damu yake ilikuwa imechanganyika na nini? Mungu alikuwa akimwambia sasa, baada ya miaka yote, kwamba hakuwa safi? Alifunika uso kwa viganja ili aombe. Ndipo alipoviona.

Viganja vilikuwa vya manjano. Si kama vya Mutegi, lakini vya manjano. Na rangi hiyo aliipata karaini.

Alikaa akivitazama. Hakuwa amekula kiapo. Hilo alilijua kama alivyojua jina lake. Alichogusa ni dawa, tena dawa iliyokwisha kuoshwa na maji. Nayo ilikuwa imeingia kwa mikono, ikapita ndani yake, ikatokea kwenye chupa. Si kiapo walichokuwa wakikitafuta. Na ikiwa yeye, mfuaji, ameingiwa hivyo, je, anayeikoroga kutwa, mikono mpaka viwikoni, juani?

Alimtazama mwanawe kana kwamba ameletewa sasa hivi. Mbavu zilihesabika. Kifua kilipanda na kushuka kama cha mbuzi aliyekimbizwa. Jasho lake lilidondoka sakafuni na mavumbi yaliyolipokea yakashika rangi.

"Lala hapa chini," alimwambia. "Usitoke. Usirudi kwenye pipa hata wakikuita."

"Mama, mimi sina ugonjwa. Nina nguvu kuliko—"

"Lala."

Alimkuta Kinyua peke yake postini akiosha vigilasi. Ednah hakumsalimia.

"Maji ya Mutegi ni yangu," alisema. "Tangu mlipoanza."

Kinyua aliacha kuosha. "Yako vipi, mama?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nikijaza."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Kinyua alikiweka kigilasi mezani kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba ndicho kilichokuwa hatarini. "Tulimpeleka kwenye mapipa kwa sababu ya maji hayo," alisema. "Bwana alisema mwili wake hauipokei dawa, haimpati. Tulimpeleka sisi."

"Na waliopanda lori?"

"Wako hospitali ya Embu. Wamelazwa kivulini, wanakunywa maji, mpaka iwatoke. Anayegeuka manjano hupumzishwa, mama. Ndiyo kazi ya chupa."

Ednah alishika ukingo wa meza. "Ulituona tukilia lori likiondoka. Kwa nini hukusema?"

"Nilikatazwa."

"Ukanyamaza."

"Hata wewe ulinyamaza, mama," Kinyua alisema, wala hakuwa na ukali, na hilo ndilo lililouma. Akaenda mbio kumwita mzungu.

Bwana Chupa alikuja na kofia mkononi. Alipoelezwa, shingo yake ilipiga wekundu. Hakumtazama Ednah. Aliongea na Kinyua kwa Kiingereza, akipiga karatasi zake kwa kiganja, na Kinyua akawa anasema ndiyo bwana, ndiyo bwana. Nyuma yao Ireri alikuwa ameegemea nguzo tangu Ednah alipokuwa akisema na Kinyua, na hakuna neno la Kiswahili lililompita.

"Mtu asiye na kitu tumboni," Ireri alisema, "hapokei mkojo wa mwingine. Mama Mutegi, mwanao amebakiza nini?"

"Hajabakiza kitu. Ana dawa mwilini, inamchoma. Muulize Kinyua."

"Nitamuuliza Mutegi."

Kazi ya Bwana Chupa ilikuwa imeharibika na alitaka kuitengeneza. Alisema Mutegi awekwe mahali pasipofikiwa na mtu, kila tone lake likusanywe, mpaka lori lije jioni limpeleke Embu. Ireri alijibu haraka kwamba mahali pa namna hiyo anapo. Ilikuwa selo ya posti, chumba cha bati tupu, kuta mpaka paa, kisicho na dirisha. Kinyua alisema kitu kwa Kiingereza, akionyesha jua. Bwana Chupa alitazama bati, akatazama saa yake. Alijibu kwa maneno machache.

"Anasema ni mpaka jioni tu," Kinyua alimwambia Ednah huku akitazama pembeni.

Mutegi alikwenda kwa miguu yake. Hata alimtania homgadi aliyemshika mkono kwamba ashike taratibu, atashika rangi. Mlango ulifungwa kwa komeo, na Ednah akakaa nje yake na kibuyu cha maji.

"Maji yataingia atakaposema," Ireri alisema, akaketi juu ya kiti katikati ya kibuyu na mlango.

"Ireri, mwanangu. Nilikuona ukibatizwa."

"Basi unajua napenda ukweli."

Mwanzoni Mutegi aliimba huko ndani. Halafu alianza kupiga bati, si kwa hasira, kwa kuhangaika tu, kama ng'ombe anayegeuka zizini. Halafu aliita maji. Ednah aliinuka na kibuyu, homgadi akamrudisha kwa kumkanyaga mguu. Bati lililia kwa joto. Ednah aligusa ukuta mara moja, akauondoa mkono.

"Mama," sauti ilisema ndani. "Waambie nilikula. Waambie nilikula viwili."

Ireri alisimama. "Rudia."

"Viwili. Cha pili ni kule Ena. Nimesema. Leta maji."

Ireri hakufungua hapo. Aliwaita kwanza watu walio karibu waje wasikie, akamfanya Mutegi arudie, na wakaja wanawake na wazee, na Salesio na wenzake waliokuwa wakirudi na mabomba mgongoni. Mutegi alirudia mara moja zaidi. Baada ya hapo aliulizwa majina, na hakujibu. Komeo lilipotolewa alikuwa chini, magoti kifuani, na mwili ulikuwa umekakamaa kama ubao kabla hata haujapoa. Walimtoa akiwa vilevile, amekunjwa.

Ednah alimmiminia maji ya kibuyu usoni. Hakuna aliyemzuia sasa.

Bwana Chupa alifika akaangalia, akavua kofia. Kisha akaagiza sindano ndefu, akautoa mkojo tumboni mwa maiti palepale kivulini, huku Kinyua akishika kigilasi. Matone yalipoingia, rangi ilipita vioo vyote. Mzungu alikisogeza kigilasi kando ya kioo cha mwisho, akakiinua juani, akakirudisha. Hapakuwa na kinacholingana nacho.

Watu waliona hilo pia. Waliona kijana akikitaja kiapo kizito na kufa hapohapo, na maji yake yakigeuka rangi ambayo haijawahi kuonekana. Nani angehitaji kuelezwa? Walirudi vibandani wakitembea upesi. Kiapo kilikuwa kimemkamata, na chupa ilikuwa kweli.

"Usimshike kwa mikono mitupu," Kinyua alimwambia Ednah. "Jasho lake bado lina dawa, mama. Ngoja nikutafutie mifuko ya kuvaa mikononi."

Ednah alimwosha kwa mikono mitupu. Alimwosha nywele, na shingo, na katikati ya vidole, na maji yakawa ya manjano karai baada ya karai. Mutegi alizikwa nje ya handaki. Waliokuja kuimba walikuwa wachache, na waliimba kwa haraka.

Kwenye mapipa aliwekwa Salesio.

Jioni hiyohiyo Lenah aliingia kwa Ednah bila kubisha, mtoto mgongoni, chupa ndani ya khanga.

"Mama, pole tena," alisema, akachuchumaa. "Nimekuja kwa jambo dogo. Watu wanasema Mutegi alikuwa akipata maji kwako, na muda wote yalimfunika. Yalishindwa mwishoni tu, kwa uzito wa kile cha pili. Salesio hana cha pili. Anacho kimoja tu, na mabaki. Nijazie."

"Lenah, nisikilize. Hawatafuti kiapo. Wanatafuta dawa ya nzige. Inaingia kwa ngozi. Anayegeuka manjano wanampumzisha Embu, hospitali. Mpe Salesio chupa ajaze mwenyewe. Atachukuliwa, atapona."

Lenah alimpandisha mtoto mgongoni. "Mutegi alipumzishwa?"

"Mutegi alikufa kwa sababu nilimfunika."

"Mutegi alikufa baada ya kusema. Nilikuwepo, mama. Masikio yangu yalikuwepo." Alisimama, akairudisha chupa ndani ya khanga. "Wako ulimpa. Wangu unamnyima. Sawa. Na tutaonana kanisani."

Asubuhi Ednah alitoka nje kungali na ukungu. Nyuma ya kibanda cha Lenah alimwona mwenyewe amechuchumaa, amemshikilia yule mtoto wake mdogo kwa mapaja, chupa imewekwa chini yake. Alikuwa akimpigia mluzi mwembamba, ule wa kumwita mtoto akojoe. Mtoto alikojoa. Lenah aliinua chupa, akaifuta, na Salesio akaipokea mlangoni. Alikuwa kifua wazi. Alikuwa akitoka jasho.

Ednah aliingia ndani. Angemwambia Kinyua? Alimwambia mara ya kwanza, na mtu akaingia kwenye bati. Angemwambia Salesio? Mkewe alikwisha kumwambia la kuamini. Kilichobaki ni kitu kimoja alichokuwa nacho, ambacho kijiji kizima kilikiamini bila kuuliza. Alitafuta kikombe, akakijaza, akafunika kwa kipande cha gazeti, akaenda nacho postini.

Mstari ulikuwa umekwisha kupangwa. Ednah alipita mbele yake, mpaka mezani, akakiweka kikombe mbele ya Kinyua.

"Pima hiki," alisema. "Ni changu. Mwambie bwana ni changu, na sijawahi kushika bomba."

Bwana Chupa alipoelezwa aliinuka nusu kitini. Ndiyo, ndiyo, alisema kwa Kiswahili, na akamkaribisha kwa mkono. Ednah aliugeukia mstari.

"Mnanijua," alisema, na sauti yake haikupanda. "Mnajua nilivyopoteza jino hili. Hakuna kati yenu anayeweza kusema mimi nilikula. Sasa tazameni maji yangu. Yakigeuka, mjue si kiapo kinachoonekana. Ni dawa ya kwenye nguo za mwanangu, na mliyo nayo ni zaidi."

Kinyua alidondosha matone. Rangi ilipanda kutoka chini, ikajaa, manjano ya kiini cha yai. Aliinua kigilasi juu zaidi ya ilivyolazimu, ili wa nyuma waone.

Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuja kumsindikiza mwanawe, alivuta koti lake upande asije akamgusa Ednah. Kisha mtu akasema polepole, katikati ya mstari, "Kumbe hata huyu."

"Tangu lini?" mwingine aliuliza.

"Na anatuhubiria."

"Mlikuwa mkidhani yule mtoto alikipata wapi?"

"Si kiapo," Ednah alisema. "Nimewaambia. Tazameni mikono yangu."

Aliinua mikono, na waliitazama, na walioko karibu walirudi nyuma hatua.

Lenah alikuwa amesimama penye lango, mtoto mgongoni. "Na hayo ndiyo ungenijazia," alisema, akatema mate chini.

Ireri alikuja bila haraka, akamshika Ednah kiwiko kwa upole aliokuwa akiutumia siku zote langoni. "Mimi sikukupekua hata siku moja, Mama Mutegi," alisema. "Miaka yote hiyo. Unaona aibu uliyonipa?" Akamwongoza kuelekea kwenye bati.

Bwana Chupa aliita nyuma yao, akiwa ameshika penseli. Kinyua alitafsiri huku macho yake yakiwa mezani. Bwana anaomba mama alete tena kesho, na kesho kutwa, mpaka rangi iishe. Anataka kujua inachukua muda gani kutoka kwa mtu asiyefanya kazi ya bomba.

"Nitamletea mimi," Ireri alisema.

Mstari ukasogea. Salesio alikuwa wa kwanza. Aliweka chupa mezani kwa kishindo kidogo, akajifuta uso kwa kiganja cha manjano, na akamwambia aliye nyuma yake kwamba leo anajisikia anaweza kukoroga mapipa mawili kwa mkono mmoja. Wenzake walicheka, wakafurahi kupata cha kuchekea.

Kinyua alimimina, akadondosha. Maji yalibaki meupe kama yalivyotoka kwa mtoto. Alimtazama Salesio, jasho lililomjaa shingoni, kamba ya suruali iliyokazwa. Akatazama kule selo, ambako Ireri alikuwa akilirudisha komeo. Bwana Chupa aligonga penseli mezani akingoja.

"Safi," Kinyua alisema.

Salesio alichukua mti wake wa kukorogea, akaenda kwenye mapipa.